Fakiri ni nani hasa? Jibu kwa kamati ya zaka ya mtaa

Swali: "Assalamu alaykum. Mimi ni katibu wa kamati ya zaka katika msikiti mmoja huku Kisauni, Mombasa. Mwaka huu tumekubaliana tuache kugawa mifuko ya unga kwa kila anayepanga foleni, badala yake tuchague nyumba thelathini zilizo hoi kabisa tuzishike mwaka mzima. Tatizo ni kuwa ukiuliza, kila mtu hana. Mwenzetu mmoja asema Benki ya Dunia imeweka dola tatu kwa siku, kwa hivyo asiyefikisha shilingi mia nne tumwandike. Tukienda hivyo mtaa mzima utaingia daftarini. Umaskini wa kupindukia ni upi, na tutautambuaje tukifika mlangoni kwa mtu?"

Waalaykumu salaam, ndugu katibu. Tuanze na hiyo mia nne, maana ndiyo itakayowapoteza.

Mwenzenu amezidisha tatu kwa bei ya dola ya benki. Dola ya Benki ya Dunia si hiyo. Ni dola ya kulinganisha bei: wanatazama dola tatu zingenunua nini Marekani mwaka 2021, kisha wanauliza vitu vya kiasi hicho hicho vingegharimu shilingi ngapi Kenya. Kwa kuwa kodi, mboga na kazi ya mtu huku ni rahisi kuliko kule, dola hiyo huku haifiki hata nusu ya ile ya duka la kubadilisha fedha. Halafu ni bei za 2021, lazima zipandishwe kufuata maisha yalivyopanda. Na jambo linalosahauliwa zaidi ni kuwa kiasi hicho ni cha kila kichwa, mtoto mchanga na nyanya yake pamoja, na kinahesabu matumizi, si mshahara. Kibarua anayerudi na mia sita akakuta midomo sita ana mia kwa kila mdomo. Asiye na mke wala mtoto akipata mia tatu anamzidi mara tatu.

Mstari wenyewe umehamishwa mara kadhaa. Mwaka 1990 ulikuwa dola moja, 2008 ukawa 1.25, 2015 ukawa 1.90, 2022 ukawa 2.15, na Juni 2025 ukafika 3. Haukupanda kwa sababu watu wanakula zaidi. Bei za nchi hupimwa upya, nazo nchi fukara huchora upya mistari yao, na huo wa dunia hutolewa katikati ya mistari hiyo. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha Kenya na India. Hakikutengenezwa kuchagua nyumba Kisauni.

Kinachowafaa zaidi ni kipimo cha hapa nyumbani. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, huchora mistari miwili. Wa kwanza ni wa chakula: gharama ya kumpatia mtu mzima kalori 2,250 kwa siku, kwa vyakula ambavyo watu wa kawaida hula kweli. Wa pili ni wa mahitaji yote, yaani chakula hicho pamoja na kodi, nguo, maji, dawa, nauli na shule. Katika uchunguzi wa 2015/16, mstari wa chakula mjini ulikuwa shilingi 2,551 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa mahitaji yote 5,995. Aliye chini ya ule mkubwa ni maskini. Ambaye matumizi yake yote, ya kila kitu, hayafiki hata ule mdogo wa chakula, huyo ndiye wa umaskini uliokithiri: hata akiacha kulipa nyumba, akaenda uchi, asinunue panadoli, senti zote akazitia chunguni, bado hatashiba. Wakati huo Wakenya 36.1 kwa mia walikuwa chini ya mstari mkubwa, na Mombasa ni 27.1, lakini chini ya ule mdogo wa chakula nchi nzima walikuwa 8.6 tu. Kwa hivyo si kweli kwamba mtaa mzima ni hohehahe, hata kama mtaa mzima unalalamika, na una haki ya kulalamika.

Sasa tazama jambo moja ambalo kamati yenu italielewa haraka kuliko maofisa wa takwimu. Aya ya zaka katika Surat Tawba huwataja mafakiri mbele ya maskini, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani hii, fakiri ndiye mwenye hali mbaya zaidi: haja zake ni kumi naye anapata mbili au tatu, hafikii nusu. Maskini anapata saba au nane, ana kitu lakini hakimtoshi. Dalili wanayoitoa ni ya kibaharia: wenye ile jahazi katika Surat al-Kahf wameitwa maskini, na jahazi wanayo. Gawanya 2,551 kwa 5,995 uone: ni asilimia 43. Mstari wa ufukara wa mjini uliochorwa na wachumi umeangukia karibu na nusu ile ile ya mafakihi. Kwa hivyo kamati haihitaji lugha mpya. Inatafuta mafakiri, na kazi iliyobaki ni kuhesabu. Kwenye hukumu zenyewe sitii mkono, hizo ni za sheikh wenu.

Kabla ya kuhesabu, mjue mnahesabu nini. Maofisa husema "kaya", neno ambalo huku pwani ni la misitu mitakatifu ya Wamijikenda na wazee wake, basi mimi nitasema chungu. Watu wa chungu kimoja ndio hesabu moja. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vinane na ukumbi mmoja inaweza kuwa na vyungu vinane, na mkihesabu mlango mtamwandika mwenye nyumba mkawaacha wapangaji saba. Kinyume chake pia hutokea: kijana analala chumba cha pili, anakula kwa mamake. Huyo ni wa chungu cha mamake.

Kisha badilisheni vichwa viwe watu wazima, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hali kama hamali wa bandarini. Vipimo vinavyotumika Kenya ni hivi: miaka 0 hadi 4 ni 0.24, miaka 5 hadi 14 ni 0.65, kuanzia 15 ni 1. Chukua chungu cha mama, nyanya, na watoto wa miaka 12, 8 na 3. Ni 1 + 1 + 0.65 + 0.65 + 0.24, jumla 3.54. Zidisha kwa kalori 2,250 upate karibu 7,970 kwa siku. Kwa chakula cha mtaani hiyo ni unga wa sima kilo moja (kama 3,500), mchele nusu kilo (1,800), maharagwe gramu 400 (1,330), mafuta ya kupikia mililita 100 (810) na sukari nusu ya robo (480). Hapo umefika 7,920, na mchicha, nyanya na kitunguu vinajaza kilichobaki. Samaki hayumo, maziwa hayamo, mtoto wa miaka mitatu hajapewa yai. Hilo ndilo kapu la chini kabisa la kushibisha chungu hicho, na likikosekana siku nyingi hakuna haja ya kubishana tena juu ya neno.

Msitumie bei zangu wala za gazeti. Mmoja wenu atoke na mizani ndogo ya jikoni na kikombe chenye alama za mililita, aende kwenye kibanda ambacho watu hao hununua. Aseme, nipimie mafuta ya ishirini. Muuzaji atainamisha chupa juu ya kijifuko cha nailoni, atakifunga fundo, na ndani yake tuseme mna mililita 60. Basi mnunuzi huyo ananunua lita kwa shilingi 333, hata kama supamaketi ya barabarani inauza kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Sukari, makaa ya mkebe na unga wa kupima pia ni hivyo hivyo. Fukara hulipa ghali kwa kila gramu kwa sababu hana za kununua kilo, na kamati inayopiga hesabu kwa bei ya debe itaona watu wameshiba kwenye karatasi.

Mjini kuna mtego mwingine. Mkulima wa mashambani Kinango akikosa pesa anaweza kula muhogo wake na kulala kwenye nyumba yake. Kisauni, Likoni au mtaa wa Bangladesh huko Jomvu, kila kitu ni taslimu, na mwenye nyumba hulipwa kabla ya tumbo. Tuseme kapu la chungu chetu limetoka shilingi 400 kwa siku, yaani 12,000 kwa mwezi, na mama huyo anatumia 14,000. Kwa karatasi amevuka mstari. Toa kodi 3,000. Toa maji: mitungi minne ya lita 20 kwa siku, ambayo ndiyo kama lita 15 kwa kila mtu zinazohesabiwa kuwa kiwango cha chini hata katika kambi za wakimbizi, kwa shilingi kumi mtungi ni 1,200. Toa makaa ya 60 kwa siku, 1,800. Chakula kimebakiwa na 8,000, thuluthi mbili za kapu. Kwa sababu hii nawashauri mwandike jumla mbili kwa kila chungu, matumizi yote na kinachobaki baada ya kodi, maji na moto, na mtu akiwa juu ya mstari kwa ya kwanza na chini sana kwa ya pili, msimwache nje. Kuhusu maji ulizeni pia ni yapi. Ukiambiwa wanachota kisimani bure, huenda ni maji ya chumvi ya kufulia, na matamu ya kupikia wananunua kwa mkokoteni. Au hawanunui. Kisima kikiwa hatua chache tu kutoka choo cha shimo, hiyo "bure" itaonekana siku ya kuhara.

Mlangoni waende wawili, mmoja awe mwanamke, na wazungumze na anayepika. Msiulize "mnapata ngapi?" Kibarua hajui, maana wiki hii kuna meli na wiki ijayo hakuna, na anayejua atawapa jibu analodhani mnalitaka. Ulizeni chakula cha siku saba, mkianza jana na kurudi nyuma siku moja moja. Daftari liwe na safu tatu: kilichonunuliwa, kilichokopwa dukani, kilichotolewa na mtu. Vyote vitatu vimeliwa, kwa hivyo vyote vinaingia kwenye matumizi, lakini havina uzito mmoja. Chungu kinachosimama kwa safu ya tatu kinaanguka siku shangazi akihama. Mahamri na mbaazi za asubuhi zihesabiwe pia, kwani wengi hununua chai na kitafunio kwa kuwa kuwasha jiko ni ghali kuliko kununua.

Mkipata jumla ndogo mno, kwa mfano watu watano wanaishi wiki kwa kilo mbili za unga, msikimbilie kusema wanadanganya, wala msiandike hivyo hivyo. Kuna chakula hamjakiona. Mama anayefua nguo za watu hula huko huko. Mtoto anakula shuleni. Nyanya huitwa na jirani. Rudieni muulize: nani jana alikula nje ya nyumba hii? Baada ya hapo ulizeni matatu ya mwisho katika mizani ya njaa ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kwa siku thelathini zilizopita: chakula kiliwahi kwisha kabisa nyumbani? Kuna aliyeona njaa asile? Kuna aliyemaliza siku nzima bila kula? Aliyejibu ndiyo kwa yote matatu, zaidi ya mara moja, ni nadra sana kuwa si fakiri.

Simu isiwatie wasiwasi. Simu ni chombo cha kupata kibarua, na televisheni ya zamani haiuziki. Angalieni kilichoondoka: kitanda kilichouzwa, cherehani iliyowekwa rehani, mtoto aliyepelekwa kwa jamaa mashambani ili apungue mdomo.

Wakati nao ni muhimu kuliko mnavyodhani. Kamati nyingi huandikisha watu Ramadhani, na huo ndio mwezi mbaya kabisa wa kupima, kwa sababu futari zinatembea mtaani na hata fakiri anashiba kwa siku thelathini. Pimeni Shaaban au mapema zaidi. Na mpime mara mbili. Wavuvi wanateseka wakati wa kusi, bahari inapochafuka, na watu wa mahoteli husimamishwa kazi kwenye masika, Aprili hadi Juni. Aliyeonekana ana nafuu Disemba huenda Mei anakopa chumvi. Fakiri wa kudumu atakuwa chini mara zote mbili, na huyo aliye chini mara moja tu anahitaji mkono mwingine, mkopo mwema usio na riba au kodi ya miezi miwili, si mwaka mzima.

Orodha ya kwanza msiichukue kwa mzee wa mtaa peke yake. Haifai hata akiwa mwaminifu, kwa kuwa atawataja anaowajua. Kusanyeni makundi matatu mbalimbali, moja la kina mama watupu, kila kundi lipewe kadi zenye nambari za vyungu, lizipange kuanzia hoi hadi mwenye uwezo, bila kuona kazi ya jingine. Kadi iliyoangukia mwisho katika makundi mawili mnaitembelea. Kadi ambayo kundi moja limeiweka mwisho na jingine juu, mnaitembelea mapema zaidi, maana hapo pana siri. Kisha jiulizeni ni nani hayumo kwenye kadi kabisa. Mara nyingi ni mpangaji aliyehamia juzi, nyumba yenye teja ambayo majirani wameichoka, mlemavu aliyefungiwa chumba cha nyuma, na mjane aliye edani: miezi minne na siku kumi hatoki, na uandikishaji ukifanywa uwanjani siku moja, umempita. Wako pia wenye kujistahi, ambao Qurani imesema asiyewajua huwadhania kuwa matajiri. Hao hawatasimama foleni hata mkitangaza kwa kipaza sauti.

Mkiwa mlangoni kagueni na makaratasi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Copenhagen mwaka 1995 ulipoeleza ufukara kamili uliutaja pamoja na kukosa huduma na habari, si mapato tu, na mjini Mombasa jambo hilo lina sura ya kitambulisho. Asiye nacho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hivyo hana M-Pesa yake. Hawezi kuingia Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na walemavu wa hali mbaya. Hawezi kujiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali. Wapo waliozaliwa pwani hii ambao jamii zao zilikaa miongo bila kutambuliwa: Wamakonde walitambuliwa mwaka 2016, Wapemba 2023. Nusu siku ya mwanakamati mmoja kumpeleka nyanya kwa chifu kuanza safari ya kitambulisho inaweza kumletea zaidi ya zaka yenu ya mwaka. Kwa SHA, asiye na ajira rasmi hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi kwa kila nyumba, na hutakiwa za mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600. Kwa fakiri hakuna mkupuo. Hapo zaka inaingia vizuri sana, kwa kuwa ugonjwa mmoja ndio humgeuza maskini kuwa fakiri. Na aliyekwisha kukwama hospitali ya umma kwa deni aelekezwe kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo kuomba msamaha wa bili, kabla ya ukoo kuchangishwa.

Kuhusu kuwashika mwaka mzima, kosa linalorudiwa kila mahali ni kuanza na mtaji. Cherehani ikiingia katika nyumba yenye njaa, itakuwa sima kabla ya mwezi kwisha, na si kwa ujinga: mama amepima mtoto na mashine. Utaratibu uliojaribiwa sana, ulioanzishwa na shirika la maendeleo la BRAC mwaka 2002 huko Bangladesh (nchi, si ya Jomvu), hutanguliza posho ya chakula kila mwezi, kisha mali ya kazi, mafunzo, akiba, na mtu wa kumtembelea, kwa muda wa kama miaka miwili. Mwaka 2015 matokeo ya nchi sita, Ethiopia na Ghana zikiwamo, yalionyesha watu walikuwa bado na nafuu mwaka mmoja baada ya misaada kusimama. Halijatoka nje ya fiqhi yenu pia, kwani wanazuoni wa Kishafi wameeleza kuwa fakiri mwenye ufundi apewe bei ya vyombo vya ufundi wake. Lakini nyanya wa miaka 78 msimpe mkokoteni wa maji. Ligaweni daftari tangu mwanzo: wa kulishwa, na wa kulishwa kisha kuinuliwa.

Mkikosa fedha za nyumba thelathini, chukueni kumi na mbili kamili badala ya kukata posho nusu. Posho isiyojaza hata pengo la kapu haimpi mtu nafasi ya kushika mtaji.

Posho iwe taslimu, kwa simu ya anayepika, tarehe moja isiyobadilika, na iwe kabla ya siku ya kodi. Ikichelewa siku tano, itakwenda kwa mwenye duka kulipa deni, naye mama ataanza mwezi na daftari jipya la kukopa. Kamati ikishindwa kuahidi tarehe, inunue kapu lenyewe dukani kila wiki. Kuhusu majina, daftari la kuzungukia liwe na nambari tupu, na orodha ya kuoanisha nambari na watu ikae kwa mtu mmoja. Isibandikwe ubaoni, isisomwe baada ya swala ya Ijumaa, na picha za kukabidhi msipige.